Shajara ya mradi: urefu wa mwanzi wa kuvulia kwa mtu anayevua akiwa nchi kavu

Jumamosi, 4 Januari 2025. Buruburu, Nairobi

Swali la mradi huu ni moja: mtu anayeishi Nairobi, asiye na mashua wala nia ya kukodi, anunue mwanzi wa kuvulia wenye urefu gani ili aweze kuvua akiwa amesimama ukingoni mwa Ziwa Naivasha na, mara mbili au tatu kwa mwaka, ufuoni Mombasa? Fedha nilizonazo zinatosha mwanzi mmoja tu, nami nimezidunduliza tangu katikati ya mwaka uliopita. Kwa hiyo nimeazimia kutonunua chochote mpaka nipime kwa mkono wangu yale ambayo wauzaji na wavuvi wenzangu huyasema kwa uhakika mkubwa bila kuyapima.

Ninatumia neno mwanzi, ijapokuwa miongo mingi imepita tangu vifaa hivi vianze kutengenezwa kwa nyuzi za kioo na kaboni, kwa sababu wazee walionifundisha kuvua waliuita hivyo na sioni jina lililo bora. Madukani urefu hutajwa kwa futi, nami ninapima kwa mita, kwa hiyo naweka ulinganisho hapa mara moja: futi 7 ni mita 2.13, futi 9 ni mita 2.74, futi 11 ni mita 3.35, futi 12 ni mita 3.66 na futi 14 ni mita 4.27.

Nakiri pia imani niliyoanza nayo, ili msomaji aone ilivyobadilika au ilivyosimama. Naamini kwamba mwanzi wa futi 14 ndio unaonifaa, kwa kuwa anayevua kutoka nchi kavu hawezi kumfuata samaki, na kwa hiyo kila mita ya ziada ya kutupa ni mita ya maji aliyoongezewa. Hoja hiyo imekaa kichwani mwangu miaka mitatu na sijapata kuijaribu.

Jumapili, 5 Januari 2025

Leo nimekusanya mianzi ya kujaribia. Mzee mmoja jirani yetu, aliyevua mabwawa mengi ya Kiambu na Murang'a enzi za ujana wake, ameniazima mitatu: wa futi 7, wa futi 9 na wa futi 12. Wa futi 14 umetoka kwa mfanyakazi mwenziwe shemeji yangu. Nilipomwamkia mzee na kumweleza haja yangu, alinikalisha kitako na kuniambia nisitazame urefu kabla ya kusoma maandishi yaliyo juu ya mpini, kwa kuwa hapo ndipo mtengenezaji anapotaja uzito ambao mwanzi umeumbwa kuurusha.

Ushauri huo ni wa thamani kuliko nilivyodhani. Mwanzi wa futi 7 umeandikwa gramu 10 hadi 30, wa futi 9 gramu 30 hadi 80, wa futi 12 gramu 50 hadi 120, na wa futi 14 gramu 100 hadi 200. Ukifunga chubwi jepesi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, kwenye mwanzi mgumu, mwanzi haupindi, na mwanzi usiopinda haurushi, kwa maana nguvu ya mkono huhifadhiwa katika mpindo kabla ya kuachiliwa kwenye mshipi. Ukifunga zito kupita kiasi, unaweza kuuvunja. Kwa hiyo anayechagua urefu amechagua pia uzito wa chubwi, hata asipojua, na uzito wa chubwi nao huamua unene wa mshipi wa mbele unaopokea mshtuko wa kutupa. Kanuni inayofuatwa na wavuvi wa ufuoni ni ratili 10 za uimara wa mshipi huo kwa kila aunsi moja ya chubwi. Aunsi ni kama gramu 28, hivyo chubwi la gramu 112 hudai mshipi wa mbele wa ratili 40. Anayeidharau kanuni hii huenda mshipi ukamkatikia katikati ya kutupa, na chubwi la gramu 100 lililokatika na kuruka ni hatari ya kweli kwa aliye karibu.

Jumamosi, 11 Januari 2025. Kiwanja cha shule, Buruburu

Kwa idhini ya mwalimu mkuu tumepata kiwanja kitupu kuanzia saa 1 asubuhi. Tulitumia machubwi pasipo ndoana hata moja, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ileile kwa mianzi yote, na mshipi wa milimita 0.35 wenye mshipi wa mbele ulio mnene. Shemeji alisimama nyuma ya mstari wa kutupia, hakuna aliyeruhusiwa kukaa mbele wala pembeni, na kila chubwi lilipotua tulipiga kigingi na kupima kwa utepe. Kila mwanzi ulitupwa mara 10, na hatukuondoa mtupo wowote kwa kisingizio kwamba ulikuwa mbaya.

Wastani wangu ulikuwa hivi. Mwanzi wa futi 7 kwa chubwi la gramu 28 ulifika mita 46. Wa futi 9 kwa gramu 60 ulifika mita 63. Wa futi 12 kwa gramu 60 ulifika mita 71, na kwa gramu 100 mita 78. Wa futi 14, ambao nilikuwa nimeupa ushindi kabla ya kuushika, ulifika mita 74 kwa gramu 100, na vigingi vyake vilitawanyika kushoto na kulia kiasi kwamba viwili viliingia upande wa bustani ya shule.

Shemeji alipochukua nafasi yangu mambo yalikuwa mengine. Yeye ana urefu wa mita 1.86, mimi nina mita 1.66. Kwa mwanzi wa futi 12 na gramu 100 alipata mita 87, na kwa wa futi 14 alipata mita 92. Yaani mwanzi uleule ulioninyang'anya mita 4 ulimwongezea yeye mita 5. Nilikaa chini ya mti nikizitazama tarakimu hizo kwa muda, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia muuzaji yeyote akimuuliza mnunuzi kimo chake.

Jambo jingine nililoliona ni umbali kati ya mikono miwili. Kwenye mwanzi wa futi 14 rili imefungwa mbali na kitako, hivi kwamba nikishika kitako kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia hulazimika kunyooka kabisa kabla sijaanza kutupa, na mkono uliokwisha kunyooka hauna tena cha kusukuma. Kwa shemeji umbali huo ulikuwa wa kawaida.

Jumatano, 15 Januari 2025. Hesabu za jioni

Nimejaribu kueleza kwa hesabu yale tuliyoyaona kiwanjani, kwa kuwa kipimo kisicho na sababu ni rahisi kukisahau.

Ncha ya mwanzi huenda kwa kasi inayolingana na urefu wake, endapo mikono itauzungusha kwa kasi ileile. Kutoka futi 12 hadi futi 14 kasi ya ncha ingeongezeka kwa thuluthi moja ya nusu, na kwa kuwa umbali hukua kwa mraba wa kasi, bila kuhesabu upinzani wa hewa ningepata nyongeza ya asilimia 36. Lakini sharti la «kasi ileile» ndilo linalovunjika. Chubwi lililo kwenye ncha huwa zito kuzungusha kwa mraba wa urefu huohuo, na mwanzi wenyewe nao umeongezeka uzito, tena mwingi wa uzito huo uko mbali na mikono. Mwili wenye nguvu za kutosha hulipa gharama hiyo na kubaki na faida, na mwili wangu haukuweza. Kwa kila mtu pana urefu ambao baada yake mikono huanza kuburutwa na mwanzi, na kwangu mimi urefu huo uko chini ya futi 14.

Hesabu ya pili ni ya samaki akishanasa. Mwanzi ni wenzo, na katika wenzo huu samaki ndiye aliyeshika upande mrefu. Tuseme samaki anavuta kwa nguvu ya kilo 2 kwenye ncha, kitako kimeegemea nyonga, na mkono wa mbele umeshika sentimita 75 kutoka kitako. Kwa mwanzi wa futi 7 mkono huo utabeba kilo 5.7, kwa futi 11 kilo 8.9, kwa futi 12 kilo 9.8, na kwa futi 14 kilo 11.4. Kwa kweli mzigo huwa mdogo kuliko hapo, kwa maana mwanzi ukipinda ncha husogea karibu na mvuvi na wenzo hufupika, na mpini mrefu unaoruhusu mkono kusogea mbele hupunguza mzigo zaidi. Hata hivyo mpangilio haubadiliki. Anayebeba mwanzi mrefu anabeba mzigo mkubwa kwa samaki yuleyule, na samaki akikaidi kwa robo saa tofauti ya kilo 2 au 3 huonekana katika mkono unaotetemeka.

Hesabu ya tatu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Sababu mojawapo ya kupenda mwanzi mrefu ufuoni ni kwamba huuinua mshipi juu ya mawimbi yanayovunjika, yasije yakaukokota pamoja na majani ya bahari. Nikiuchomeka mwanzi kwenye kigingi chenye kimo cha nusu mita, ukiinama kidogo kuelekea majini, na chubwi likiwa mita 60 mbele kwenye kina cha mita 1.5, basi kwa mstari ulionyooka mshipi wa mwanzi wa futi 7 utaingia majini mita 37.5 kutoka niliposimama. Wa futi 11 utaingia mita 42.5, wa futi 12 mita 43.5, na wa futi 14 mita 45. Kutoka futi 7 hadi futi 11 nimeokoa mita 5 za mshipi kutoka katika mawimbi, na kutoka futi 11 hadi futi 14 nimeokoa mita 2.5 tu. Faida ipo, ila inapungua kadiri mwanzi unavyorefuka, ilhali gharama za uzito na wenzo zinaendelea kupanda bila kupungua.

Niongeze jambo moja kwa wenzangu wa Nairobi watakaopenda kurudia jaribio la kiwanjani. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko wa namna hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Chubwi linaloruka hapa hukutana na upinzani mdogo. Kwa hiyo tarakimu za Buruburu zisichukuliwe hadi pwani kana kwamba ni ahadi.

Jumamosi, 25 Januari 2025. Ziwa Naivasha

Tuliondoka Nairobi alfajiri kwa matatu tukiwa na leseni zetu za uvuvi wa burudani, tukafika upande wa Kamere kabla ya saa 4. Tulibeba mianzi mitatu, ya futi 7, 9 na 12. Ule wa futi 14 hukunjuka vipande viwili vya zaidi ya mita 2 kila kimoja, na utingo alikataa, kwa adabu, kuupokea ndani ya gari la abiria 14. Nilimwona ana haki.

Ukingo wa Naivasha si ufuo. Maji ya ziwa hili yalipanda sana mnamo mwaka 2020, na sehemu nyingi bado pana migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, mafunjo mazito, na gugumaji linalosukumwa na upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mahali pa kwanza tuliposimama palikuwa chini ya migunga hai yenye matawi yaliyoinama. Mwanzi wa futi 12 haukuwa na nafasi ya kuinuliwa, nao ulinasa tawini mara tatu katika dakika 20. Wa futi 7 ulitupa kwa ubavu, chini ya matawi, bila shida, na ukatoa tilapia wawili waliokuwa kandokando ya mafunjo, mita 12 hivi kutoka miguuni mwetu.

Mahali pa pili palikuwa wazi juu, lakini mbele yetu palikuwa na ukanda wa mafunjo wenye upana wa karibu mita 2. Hapo mambo yaligeuka kabisa. Kwa mwanzi wa futi 7 mshipi ulilala juu ya mafunjo, na samaki aliyenaswa aliburutwa ndani yake akapotea pamoja na ndoana. Mwanzi wa futi 12 uliweka ncha mbele ya mafunjo, mshipi ukashuka moja kwa moja majini, na karpi wa kilo 1 na nusu, aliyekula chambo cha mahindi yaliyochemshwa, alivutwa hadi ukingoni kisha akainuliwa juu ya majani yote kwa wavu wa mkono. Karpi walionekana katika ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa ni sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa hapa. Wanalisha chini kwa kufyonza tope, na huvutia kuwavua kutoka nchi kavu kwa sababu huja karibu na ukingo wenyewe.

Kilichonigusa siku hii ni kwamba katika ziwa moja, katika hatua zisizozidi 200, urefu ulio sahihi ulibadilika kutoka futi 7 hadi futi 12, na umbali wa kutupa haukuhusika pahali pote pawili. Hatukutupa zaidi ya mita 25 mchana kutwa. Ule mwanzi wa futi 9, ambao wengi huusifu kuwa wa katikati na kwa hiyo wa kufaa pote, haukung'ara popote: ulikuwa mrefu mno chini ya migunga na mfupi mno mbele ya mafunjo. Naandika hili kwa uangalifu, kwa sababu nisingependa kuuhukumu mwanzi mzuri kwa siku moja, ila ndivyo ilivyokuwa.

Tuliondoka ukingoni saa 10 na nusu. Viboko wa Naivasha hutoka majini kwenda kula nyasi jua linapopungua, na mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya kupita pote. Mwanzi wa urefu wowote hausaidii hapo.

Jumanne, 28 Januari 2025

Dokezo fupi kuhusu vipande. Kwa anayeishi nyumba ya ghorofa na kusafiri kwa matatu, urefu wa mwanzi uliokunjwa ni sehemu ya uamuzi sawa na urefu wake ulionyooshwa. Futi 12 ya vipande viwili ni mita 1.83 kila kipande. Ya vipande vitatu ni mita 1.22. Futi 11 ya vipande vitatu ni mita 1.12, na huo hupita kwenye mlango wa matatu na kulala juu ya mapaja ya abiria mmoja. Ile mianzi inayoingiana kama darubini hufupika zaidi, lakini kila kiungo ni mahali ambapo mpindo hukatizwa, na mchanga ukiingia ndani yake hukwaruza na kuganda. Sitaichukua kwa kuvua baharini.

Jumamosi, 15 Februari 2025. Mombasa

Mwezi ulikuwa mpevu Jumatano, kwa hiyo tumelikuta bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani ya Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na mvuvi wa nchi kavu asiyelijua hilo atapimia urefu wa mwanzi wake ufuo ambao saa 6 baadaye haupo. Mianzi ya futi 9 na 12 tulisafiri nayo kwa treni, na ule wa futi 14 tuliuazima hukuhuku kwa jamaa wa mjomba.

Mjomba wangu anakaa Likoni na amevua kwa mshipi wa mkono kwa zaidi ya miaka 40. Nilimshikia mkono, nikamwamkia, na baada ya chai nikamfungulia daftari langu. Alizisoma hesabu zote kwa subira, akauliza swali moja tu: «Na hao samaki, mwanangu, umewapima wako umbali gani?» Sikuwa na jibu.

Saa 5 na nusu maji yakiwa yamekaribia kupwa kabisa alinichukua hadi Nyali, akanitembeza juu ya mchanga uliobaki wazi. Alinionyesha mfereji unaokwenda sambamba na ufuo, uliochimbwa na mawimbi, halafu tuta la mchanga, halafu uwanda wa majani ya bahari unaoendelea hadi kwenye mwamba ambapo mawimbi makubwa huvunjika. Akaniambia nihesabu hatua kutoka alama ya maji makuu hadi katikati ya mfereji. Zilikuwa 38, yaani kama mita 28. Maji yakijaa, alisema, changu na kolekole wadogo hupita katika mfereji huo wakila vile mawimbi yanavyovifukua, na uwanda wa majani ulio mbele huwa mahali pa kupoteza ndoana. «Samaki wako wako miguuni mwako, nawe unawatupia walio mbali.»

Tulirudi saa 10 alasiri maji yakipanda. Kaskazi ilikuwa ikivuma kutoka upande wa kushoto mbele yetu. Nilianza na futi 14 nikitupa kwa nguvu zote kwa chambo cha kamba. Umbali niliokadiria kwa alama nilizoweka kwenye mshipi ulikuwa mita 60 tu, chini sana ya ule wa Buruburu, kwa sababu ya upepo, hewa nzito ya pwani na chambo chenyewe kinachokokota hewa. Kwa saa nzima nilitoa majani ya bahari. Nikachukua futi 12 na chubwi la gramu 60, nikatupa mita 30 bila kujikaza, nikauchomeka mwanzi kwenye kigingi. Mshipi ulipita juu ya wimbi la kwanza, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu, ukaingia majini nyuma yake. Hadi saa 12 jioni nilikuwa na changu wanne na kolekole mmoja mdogo niliyemrudisha. Futi 9, kwa chubwi lilelile na mahali palepale, ilitoa changu mmoja. Ncha yake haikuinuka vya kutosha, na wimbi la kwanza liliushika mshipi na kulisogeza chubwi kila dakika chache.

Jumapili, 16 Februari 2025. Majabali ya Kilindini

Asubuhi mjomba alitupeleka kwenye majabali ya matumbawe upande wa mlango wa bahari wa Kilindini, ambako maji ni ya kina kirefu papo hapo chini ya miguu. Hapa hakuna haja ya kutupa hata kidogo, kwa kuwa mtu huteremsha tu mshipi. Ningedhani basi kwamba mwanzi mfupi ndio wake. Sivyo. Jabali limechongoka mbele na kuliwa na maji chini, kama paa linaloning'inia, na ukingo wake ni mkali kama msumeno. Kwa futi 9 mshipi ulisugua ukingo na kukatika mara mbili, nikapoteza machubwi mawili. Kwa futi 12 ncha ilipita ukingo kwa zaidi ya mita 1 na mshipi ukashuka bila kugusa jiwe.

Lakini futi 12 hiyohiyo ilinichosha vibaya. Hapo mwanzi haukai kwenye kigingi. Unashikwa mkononi ukiwa umelala karibu mlalo, na hesabu ya wenzo niliyoiandika Januari ikawa maumivu kwenye kiwiko. Baada ya saa moja na nusu nilimpa shemeji aendelee. Mjomba, aliyekuwa kando yangu na mshipi wake wa mkono umepita juu ya kipande cha mpira wa gurudumu alichokitandika ukingoni, alikuwa amekwisha kupata chewa.

Jumamosi, 22 Februari 2025. Nairobi

Nimeamua. Nimeweka mezani yale yaliyonionyesha faida ya urefu: mafunjo ya Naivasha, wimbi la kwanza la Nyali, ukingo wa Kilindini. Pote patatu faida ilikuwa ya kuivusha ncha mbele ya kizuizi kilicho karibu, na pote patatu mita 3 na kitu zilitosha. Yale yaliyonionyesha hasara ni kimo changu, kiwiko changu, matawi na matatu. Hakuna siku hata moja, katika siku zote za majini, ambapo samaki alipatikana mbali zaidi ya mita 35, kwa hiyo hoja niliyoanza nayo ya kununua umbali naiacha. Ningekuwa navua ufuo wenye maji mapana yasiyo na mwamba mbele, ambapo mfereji uko mita 80 au 100, au ningekuwa na mwili wa shemeji, ningeandika vingine, na namsihi msomaji wa kimo chake asinifuate kwa kukariri.

Nimenunua mwanzi wa futi 11, wa vipande vitatu, ulioandikwa gramu 40 hadi 100. Nimeupendelea kuliko futi 12 kwa sababu ya kilo ile moja ya wenzo na kwa sababu ya sentimita 10 za kila kipande, na kwa mujibu wa hesabu ya mawimbi nimepoteza mita 1 tu. Dukani niliushika kitako kwapani na kunyoosha mkono mpaka ulipo mguu wa rili. Kiganja kilifika, kiwiko kikiwa bado kimepinda kidogo. Muuzaji alinisubiri nikirudia kipimo hicho kwa mianzi mitano, naye alikuwa mvumilivu. Kwa ajili ya chini ya migunga nitaendelea kuazima futi 7 ya mzee, ambaye amesema nisimrudishie mpaka nimletee karpi.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimepeleka kipande cha turubai kwa fundi wa mikoba huko Gikomba, ashone mfuko wenye urefu wa mita 1.25, mifuko mitatu ya ndani ili vipande visigongane, na mkanda wa kuvaa begani. Ameukamilisha saa 9. Jioni nimeuosha mwanzi kwa maji baridi, nimezipaka nta sehemu za viungo, na nimefunga uzi mwekundu kwenye mshipi kila mita 5 hadi mita 40. Kituo cha kwanza ni Kamere, Jumamosi ijayo, mahali pale pa pili penye mafunjo.